Koti la Marehemu

Baba yangu alikuwa na koti moja tu la maana. Lilikuwa la kijivu, kiwiko cha kushoto kimetiwa kiraka cha kahawia, na mama alikishona kwa uzi mweusi kwa sababu ndio uliokuwepo. Baba alilivaa kanisani, barazani kwa chifu na matangani. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha sukari hakununua la pili. Mama akimcheka, alimjibu kwamba mtu ana mwili mmoja, sasa makoti mawili ni ya nini.

Siku niliyoondoka nyumbani Kakamega kwenda kufanya kazi kwenye meli ya watalii, alilivaa. Figo zilikuwa zimeshaanza kumsumbua, miguu imevimba hata viatu haviingii, kwa hiyo alivaa koti na malapa. Watu wa kanisa walijaa uani kuniombea. Baba akasimama akawaambia kwamba mtoto wake wa pili anaenda kuhudumia wakubwa wa dunia. Halafu akanivuta kando, akanishika mkono, akasema, "Nenda. Lakini urudi unikute."

Mkataba wangu ulikuwa wa miezi tisa. Sikuwa na dua nyingine yoyote: nimalize ile miezi tisa, nirudi, nimkute baba yu hai.

Kazi yangu melini ilikuwa kutunza vyumba. Kutandika vitanda, kubadilisha taulo, kupiga pasi nguo za abiria. Nilidhani maringo nimeyaona nyumbani, kwa wenye magari wanaokuja kuzika mara moja kwa mwaka. Kumbe sikuwa nimeona kitu. Ile ilikuwa meli ya watu wanaopenda mambo yabaki kama yalivyokuwa enzi za babu zao. Wengi walikuwa Wazungu wazee, na waliosafiri nayo mara nyingi walipewa beji ya dhahabu ya kubandika kifuani. Mwenye beji hakumsalimia mgeni mpaka ajue analala ghorofa gani. Wa juu, wenye vyumba vya roshani, waliwatazama wa chini wasio na hata dirisha kama watu walioingia kwa kudandia. Mama mmoja aliomba ahamishwe meza kwa sababu jirani yake aling'ata mkate badala ya kuumega. Bwana mmoja alisengenywa siku mbili nzima kwa kuvaa viatu vya kahawia jioni. Viatu vya kahawia, jamani. Kwetu mtu akiwa na viatu tunamshukuru Mungu, rangi tutaijadili siku nyingine.

Kule chini tulikokula sisi wafanyakazi tuliwacheka mpaka machozi. Lakini ugonjwa huo unaambukiza, na mimi sikujua kama nimeshaupata. Mwezi wa nne nilikuwa nikikutana na mtu natazama kwanza viatu. Kaka yangu aliponitumia picha ya baba ameketi uani, nilimwandikia kwamba siku nyingine amvalishe vizuri kwanza, asinitumie tena picha za malapa. Kaka hakutuma picha nyingine tena, na mimi sikuuliza.

Sasa, kila baada ya siku chache melini kulikuwa na jioni ya koti. Mwanamume asiye na koti jeusi na tai ya kipepeo haingii ukumbi mkubwa wa chakula, hata awe amelipa nini. Atakula chumbani, au apande juu kwenye chakula cha kujipakulia.

Katika vyumba nilivyovitunza kulikuwa na mzee mmoja, mkubwa wa mwili, aliyekuwa dereva wa basi huko kwao. Watoto wake walikuwa wamechangishana kumpa ile safari. Sanduku lake lilipotelea kwenye ndege, na makoti ya kuazima ya meli hayakumwenea hata moja. Jioni ya kwanza ya koti nilimkuta ameketi kitandani anakula mkate, amejitandazia taulo mapajani kwa adabu kama aliye mezani kwa nahodha. Jioni ya pili vilevile. Nilipomuuliza kwa nini asipande juu kwa wenzake, alisema wangemuuliza tena koti lake liko wapi, na amechoka kueleza. Roho iliniuma sana. Mzee aliyeendesha basi maisha yake yote amefungiwa nje kwa sababu ya kitambaa.

Chumba cha tatu kutoka kwake kulikuwa na mjane, mwenye beji. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na walikuwa wakisafiri na meli ile pamoja kila mwaka. Alikuja na koti la jioni la marehemu. Kila jioni ya koti alinipa nilipige pasi, nilining'inize kwenye mlango wa kabati, kisha yeye akaenda kula peke yake kwenye meza ya wakongwe. Nilipoingia kutandika, koti lile lilinitazama. Lilikuwa koti la mtu mkubwa wa mwili.

Kwetu halifanyiki jambo hilo. Mtu akishazikwa, siku zikipita, wazee huketi uani, nguo zake zote hutolewa nje, na kila mmoja hupewa chake: ndugu hupewa shati, mpwa suruali, rafiki kofia. Nguo ya marehemu haiachwi ining'inie nyumbani. Ikining'inia, mwenyewe hapumziki, na aliyebaki naye hapumziki. Babu alipokufa nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kofia yake ikitembea kijijini juu ya kichwa cha mtu mwingine, na sisi watoto tukifurahi kuiona.

Basi siku moja, nikimkabidhi yule mama koti, nilimweleza. Nilisema kwetu nguo ya marehemu haiachwi ining'inie, hupewa mtu aivae. Alilitazama koti kwa muda mrefu, akalipapasa kola, akasema kwamba hiyo ni desturi nzuri sana. Mimi nikasikia ruhusa. Kwetu mtu mzima ukimpelekea neno la namna hiyo naye akalisifu, amekubali, kilichobaki ni utekelezaji. Sikujua kwamba kwa watu wale sifa ni namna ya kufunga mazungumzo bila kukuumiza.

Jioni ya tatu ya koti, mama alipokwisha kuondoka kwenda kula, nililitoa lile koti mlangoni nikampelekea mzee wa basi. Alisita. Aliniuliza mara mbili kama mwenyewe anajua. Nikamwambia anajua, tena amefurahi. Nikalishika kwa nyuma akaingiza mikono, nikamfunga vifungo, nikamfunga na tai niliyoazima kwa mhudumu mwenzangu. Lilimkaa kana kwamba alipimwa yeye. Alijitazama kwenye kioo akacheka kidogo, na mimi nikamsindikiza hadi mlangoni pa ukumbi, kifua mbele.

Aliingia akasimama akitafuta meza yake, mgongo ameupa meza ya wakongwe. Yule mama aliinua macho akaona mgongo ule. Akasimama. Akaita jina la mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwita mtu aje kula. Mzee akageuka.

Sitaki kuieleza ile sura ya mama, na sidhani nitaisahau. Akaketi tena kitini. Wenye beji wakainuka wote, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kwamba yule amevaa koti la mtu aliyekufa, mwingine akasema ni wizi. Mzee wa basi alilivua palepale katikati ya meza, akabaki na shati la mikono mifupi, akalikunja vizuri, akampelekea mama kwa mikono miwili, akaomba msamaha. Kisha akanipita pale mlangoni. Hakunitazama.

Niliitwa na mkubwa wangu. Niliposema kwamba mama alikubali, aliniambia nilete neno lake basi. Nikaenda nikagonga mlango wa yule mama. Nilimwambia kupitia mlango kwamba nina baba mgonjwa, kwamba sikuiba, nilitaka koti lipumzike. Akanijibu toka ndani, "Ungeniuliza."

Hilo tu. Na ni kweli, ningemuuliza. Bandari iliyofuata niliteremshwa na begi langu, nikapandishwa ndege hadi Mombasa. Miezi mitano ilikuwa imepita kati ya tisa.

Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri, kwa sababu kufukuzwa hakukuwa balaa. Kufukuzwa kulikuwa bahati. Baba alikuwa hai. Kutoka Mombasa hadi kwetu ni safari ya siku moja. Ningepanda basi jioni ileile, kesho yake ningekuwa uani naye, na miezi minne ya ziada mikononi. Baba mwenyewe alikuwa akisemanga kwamba ng'ombe akivunjika guu malishoni hurudi zizini. Mimi ng'ombe mjinga nikabaki malishoni.

Niliona haya. Nilimwazia baba amesimama mbele ya kanisa lote akinitangaza, kisha nikajitazama: fulana iliyopauka, suruali ya kazi, raba zimeachama mbele. Nikasema siwezi kuingia kijijini hivi. Nitatafuta meli nyingine, nikikosa angalau nitanunua suti, nirudi nikiwa mtu. Nilipata pa kulala kwa rafiki, nikazima laini yangu. Nyumbani walikuwa wamezoea nikiwa baharini sipatikani, kwa hiyo hawangeshangaa. Kila asubuhi nilizunguka kwa mawakala wa kazi za melini, na kila mahali jina langu lilikuwa limefika kabla yangu.

Mara ngapi nilishika ile simu niiwashe? Niliishika kila siku. Nilijua baba anaumwa. Kuna siku nililia chooni kwa rafiki yangu, maji yakimwagika ili nisisikike, na bado nikatoka nikaenda kubeba mizigo sokoni Kongowea ili nipate ya suti. Wiki saba. Nikainunua hukohuko, ya mtumba lakini safi, nyeusi, fundi akaipunguza mikono. Nikabeba mizigo wiki tatu nyingine, nikanunua na viatu. Vyeusi.

Nilishuka Lubao, soko la ng'ombe la karibu na kwetu, mchana wa siku ya soko. Ng'ombe walikuwa wengi, vumbi jingi, watu wakinipisha kwa sababu ya suti wakidhani ni mtu wa serikali. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia baba kuhusu kurudi mapema. Nilikuwa nimeshatunga uongo mzuri kabisa, wa likizo.

Ndipo nikaliona koti. Mbele yangu, kando ya fahali mmoja mwekundu, mwanamume amesimama amenipa mgongo, koti la kijivu, kiwiko cha kushoto kiraka cha kahawia. Furaha niliyoipata sijawahi kuipata kabla wala baadaye. Amepona, nilijiambia. Amepona hata anakuja sokoni. Na miguuni ana viatu.

Nikaita, "Baba!"

Akageuka. Alikuwa baba mdogo, mdogo wake wa kumfuata. Na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua, kwa sababu kwetu koti la mtu halivaliwi na mwingine mwenyewe akiwa hai. Nilimwelewa yule mama wa melini palepale, kwa mwili wote, nikiwa nimechelewa.

Baba mdogo hakunisalimu hata mulembe. Alinitazama suti, akanitazama viatu, akanitazama usoni. Akaniambia, polepole, kwamba walinipigia simu mpaka wakachoka. Kwamba baba alikuwa akiuliza kila gari lililopita barabarani kama ndilo limenileta. Kwamba walimweka mochari siku tatu zaidi wakinitafuta kwa watu wa meli, nao wakajibu kwamba niliondoka zamani. Nilimuuliza alifariki lini. Akanitajia, na nilihesabu nikaona ni siku ambayo fundi alinipima mikono.

Kisha akaanza kulivua koti. Nilimzuia, akaendelea kulivua, akalishika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Lilikuwa lako," akasema. "Alisema likungoje. Tulilitundika kwenye msumari tukakungoja, mwanangu. Lakini wewe unajua, nguo ya marehemu haiachwi ining'inie."

Sikulichukua. Nilisema limekwisha gawanywa, abaki nalo. Nililishika kiwiko tu, pale penye uzi mweusi. Watu walikuwa wakitupita na ng'ombe wao, wakigeuka kunitazama, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu Lubao nzima aliyevaa vizuri kuliko mimi.