Kamera Ilisilimu Lini?

Ramadhani nzima Barwaqo binti Hersi hakutulia. Kazi yake ni kupiga picha za harusi na za pasipoti katika kibanda chake hapa Isiolo, kwa kamera ya kawaida yenye lenzi ileile iliyokuja nayo kwenye boksi. Lakini kila jua lilipokaribia kuzama alifunga studio, akamwachia funguo jirani yake Kajuju, muuza miraa, akapanda ngazi hadi juu ya paa. Alitaka kuupiga picha mwezi mwandamo wa Idi, kwa ajili ya baba yake.

Mzee Hersi ni mjukuu wa askari Msomali aliyeletwa huku na Waingereza. Aliendesha lori la mifugo kati ya hapa na Sericho mpaka magoti yakakataa, na enzi hizo neno lake lilitosha. Akisema "nimeuona," mji ulikula Idi. Siku hizi watu wanautafuta mwezi kwenye simu, shingo zimeinama kama ngamia kwenye birika, na ghorofa za wenye pesa zimeziba upande wote wa magharibi. Mwaka jana mzee alisema ameuona. Vijana wa msikitini wakacheka, wakasema ana mtoto wa jicho, na mji ukafunga siku moja zaidi. Yeye alikula peke yake, mlango umefungwa. Hadi leo wapo wanaomwita mla mchana, vijana ambao baba zao walikuwa wakisubiri neno lake mlangoni.

Kwa hiyo Barwaqo alitaka ushahidi ambao mtu asingeweza kuucheka. Mwezi ulipokuwa mpevu alifanya mazoezi nao. Kila picha ilitoka duara jeupe tupu, kama taa ya lori usoni. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, huona giza lote lile la anga, ikaingiza mwanga mwingi, mwezi ukaungua. Akaanza kuamua mwenyewe, akipunguza mwanga mpaka madoa ya mwezi yakatokea. Aligundua pia kwamba kidole chake kinaitikisa kamera, akawa anaitegea ijipige yenyewe.

Jioni ya ishirini na tisa upepo ulivuma vibaya. Alimsaidia baba yake kupanda ngazi, akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaning'iniza jerikeni la maji chini yake isiyumbe.

"Unapiga picha ya hewa?" Kajuju aliuliza kutoka chini. "Huko hata ndege hakuna."

"Tafuna miraa yako, mama. Ikitoka nitakuonyesha."

"Mimi sifungi. Nionyeshe pilau."

Barwaqo alisogeza kamera kushoto, akairudisha kulia, akafuta vumbi kwenye lenzi, akafuta tena. "Aabo, wapi?" Ndivyo anavyomwita baba yake.

"Pale jua linapoingia, upande wa Leparua. Panda juu kidogo, halafu uende kushoto. Usikimbilie pale penye kung'aa."

Lenzi haikupata cha kushika angani, ikawa inaenda mbele na nyuma. Akailenga kwenye ukingo wa kilima cha mbali, akaizuia isisogee tena, akaipandisha kamera. Alipiga, akatazama kioo, akabadilisha mwanga, akapiga tena. Adhana ikalia. Mzee akafungua kwa tende, macho yake hayajatoka magharibi. Barwaqo aliiweka yake mdomoni bila kuitafuna.

Kisha akaikuza picha moja, akaona: uzi wa mwanga, umelala kama kikombe.

"Aabo, huu hapa."

Waliinua macho wote wawili. Vumbi lilikuwa limekwisha kuumeza.

Walifika msikitini sala imekwisha, nami, jirani yao, nikawa miongoni mwa waliobaki barazani. Sheikh Mohamednoor aliikuza picha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwezi ni huu," akasema. "Nani ameuona?"

"Mimi niliupiga, Sheikh."

"Sikuulizi picha, binti yangu. Uliuona kwa macho?"

Barwaqo aliitazama kamera mikononi mwa Sheikh. Muda wote ule alikuwa ameinamia kioo. "Kamera imeuona," akasema.

"Kamera ilisilimu lini?" akauliza kijana mmoja, na baraza zima likacheka.

Sheikh hakucheka. Alimgeukia mzee. "Mzee Hersi, wewe ulikuwa huko juu. Sema tu umeuona, watu waende wakapike."

Kicheko kikakatika. Vijana walewale wa mwaka jana walimwangalia yeye na kamera, na safari hii wote walikuwa tayari kumwamini. Barwaqo alimshika mkono wa kanzu. Neno moja tu lilitakiwa.

"Sikuuona," alisema mzee.

Mwingine yeyote siku hizi angesema ameuona, na angeapa. Sheikh alirudisha kamera, akatangaza tutimize thelathini.

Niliongozana nao nyumbani. Barwaqo alitangulia, akarudi, akatangulia tena, mkanda wa kamera ukimpiga kiunoni.

"Ungesema tu, Aabo. Picha ilikuwa ya kweli. Wangeomba msamaha."

"Wangeomba."

"Basi?"

"Leo nikisema nimeuona, basi hata ule wa mwaka jana sikuuona."

Binti alisimama njiani. Mzee alikuwa ameshampita, anauliza kama nyumbani kuna unga wa daku.