Lenzi ya Mjomba

Wiki iliyopita, sokoni Volo Volo, muuza miwani alikitemea mate kioo, akakifuta kwa shati lake, akanipa nijaribu. Nilimrudishia bila kujaribu, nikaondoka.

Mjomba wangu Saidi alikuwa na tabia hiyohiyo. Nilipokuwa mtoto tulikaa naye mjini Mutsamudu, na kila alasiri alikuwa akisugua vioo viwili vinene vya dirisha la meli, katikati ametia mchanga na maji. Vilikwaruza kama mtu anayesaga meno. Kisha aliyeyusha lami ya kung'arishia vioo ndani ya kopo la dagaa, nyumba nzima ikanuka. Alikitemea kioo, akakifuta, akakiinua kwenye mwanga. "Bado hujabinuka sawasawa," alikinong'oneza. Nilidhani anasema na jini. Kumbe alikuwa anatengeneza lenzi ya darubini, ili sote tuuone mwezi kwa karibu.

Siku zile vijana wa serikali ya mapinduzi walipita vichochoroni wakisaka wachawi. Mmoja aliniuliza, "Kwenu yuko mchawi?"

Nilikuwa nimechoshwa na ule uvundo na yale mate. Nikajibu, "Mjomba."

Waliingia wakaiponda lenzi kwa jiwe, wakampaka lami usoni, wakamtembeza mjini huku watu wakimzomea.

Aliporudi alinikuta mlangoni, miguu mitupu. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi.

"Simama hapohapo, mwanangu," alisema, akiinama kuokota vipande vya kioo. "Utajikata."

Nikasimama. Alifariki bila kujua ni nani aliyemtaja, na mpaka leo najionea kinyaa.