Hodi Haimo Kwenye Ramani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ijapokuwa ningependa kuisahau. Nilikuwa kijana mwenye haraka. Marehemu baba alikuwa ameniachia shamba la minazi nyuma ya Ukunda, nami nikamleta mpima ardhi anikatie viwanja vya kuuza. Mjomba wangu akaja, akatazama vigingi, akaniuliza, "Na njia i wapi?"

Nikacheka. "Njia ya nini, mjomba? Watu watapita kwa hodi, kama siku zote."

Ndivyo tulivyoishi. Ukienda kisimani ulikata ua wa huyu na uwanja wa yule, unabisha hodi, unaamkia, unapita. Mjomba hakucheka. "Hodi haimo kwenye ramani. Punguza kiwanja kimoja, uache njia." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uroho ulinijaa, sikufichi, nikaviuza vyote.

Wanunuzi wakaja, wa hapa na wa bara, wakajenga, kila mtu akazungusha ukuta kwenye haki yake. Siwalaumu. Ukunda ukatanuka, na kila palipoongezeka nyumba pakapungua pa kupita. Dada yangu Mwanasha, niliyembakishia kipande cha nyuma kabisa, aliliona paa la zahanati kutoka mlangoni kwake.

Mwaka jana alibanwa na kifua asubuhi. Mimi na wanawe tukambeba na kitanda chake mpaka geti la jirani. Nikabisha hodi.

"Mzee, hapa si njia," mlinzi akasema. "Mwenyewe hayuko, na mimi nitafutwa kazi."

"Ni mgonjwa, baba. Zahanati ndiyo ile."

"Naiona, mzee. Nisamehe."

Tukazunguka, kuta kulia, kuta kushoto. Dada yangu alikata roho kabla hatujafika barabarani.

Majuto ni mjukuu. Nimepanda hadi Kwale, ofisini, kuomba njia ifunguliwe. Wakanionyesha saini yangu kwenye ramani ya viwanja. Na kule Kombani nawaona vijana wakikata mashamba vilevile. Nikisema, wananicheka.

Walau wewe nisikilize. Ukigawa ardhi, toa njia kwanza, ya kutosha kitanda na wanaokibeba, nayo itokee upande wa pili. Iandikwe. Sina tumaini kubwa, mwanangu, maana tumeshajifungia wenyewe. Lakini nakuombea: Mola akujaalie wa kukubeba, na akujaalie pa kupitia.