Kopo la Mishikio Miwili

Chumba chetu cha habari kiko juu ya duka la magodoro, na kwa miaka yote niliyopanga kurasa pale sijamwona mtu mwenye uchu wa kuandika kama Nukta. Jina hilo tulimbandika sisi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusahihisha, na pia kwa sababu ni mfupi. Alikaa mkabala nami akisoma matangazo ya vifo na ya viwanja vinavyouzwa, akirudisha nukta zilizopotea. Waliokuja nyuma yake walipewa habari, na majina yao yakatoka gazetini. La kwake halikutoka hata mara moja, na jambo hilo lilimuuma. "Mimi jina langu litaingia gazetini siku nikifa," aliniambia, "tena litakosewa, maana msahihishaji atakuwa hayupo."

Mhariri wa makala tulimwita Mzee Kata, kwa kuwa kila ulichompelekea alikikata. Nukta alimganda kama kupe mpaka mzee akakubali kumfundisha. Masomo yale niliyasikia yote, nitake nisitake, kwani kati ya meza zetu kulikuwa na kabati la mafaili tu.

"Habari inaniambia kimetokea nini," Mzee Kata alisema. "Makala yananikalisha karibu na yule kilichompata. Usiniambie watu wanaumwa. Niletee mtu mmoja, nimwone anavyofunga viatu."

Mtu huyo Nukta alikuwa naye. Alikuwa mjomba wake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alifanya kazi ya tanuri kwenye kiwanda kinachoyeyusha betri chakavu za magari ili kutoa madini ya risasi. Moshi wa risasi ulikuwa umemwingia mwilini, tumbo likimsokota na mikono ikimtetemeka. Kiwanda hakikuwapa barakoa za maana. Kiliwapa maziwa ya unga, ati yanaosha sumu. Lakini kiwanda hichohicho kilikuwa na zahanati, na dawa ya kusafisha damu ilipatikana pale tu, kwa wafanyakazi wake. Kilichokuwa kinamuua ndicho kilichokuwa kinamtibu.

Nilifuatana na Nukta siku ya mahojiano ili nipige picha. Mjomba aliiona kamera akatikisa kichwa, nikairudisha mfukoni. Chumba kilikuwa kidogo na kisafi, kitanda nyuma ya pazia, viatu vya kazi vimeachwa nje ya mlango. Mkaza mjomba, ambaye Nukta humwita mama, alitumiminia chai kwenye vikombe. Mumewe hakuwekewa kikombe. Mzee mwenyewe alivuta mkoba wake wa kazi, akatoa kopo la maziwa ya unga lililochomelewa mishikio miwili ya waya, mmoja kila upande.

"Kikombe kinanimwagia," alisema. "Hili nalishika kwa mikono yote, kama mtoto. Wamenipa sumu, wakanipa maziwa, na kopo la maziwa nimelifanyia ufundi."

Alicheka mwenyewe. Nukta aliandika upesi, na kalamu yake niliisikia ikikwaruza.

"Andika yote, mwanangu," mjomba alisema. "Ila nisijulikane. Nikifukuzwa pale, na dawa ndiyo basi."

"Mjomba, hata wanitie pingu sikutaji."

Mkaza mjomba alikuwa bado ameshika birika. "Mdomo uliponza kichwa," alisema.

"Mdomo wangu, kichwa changu, na kalamu ya mpwa wangu," mumewe akajibu. "Sasa hofu ya nini?"

Rasimu ya kwanza Nukta aliiandika kwa woga. Mjomba alikuwa "mfanyakazi mmoja" asiye na uso wala mikono. Mzee Kata aliisoma, akaisukuma mezani. "Huyu ni kivuli," alisema. "Nitamhurumiaje kivuli? Chai anakunywaje?"

Nukta aliichukua rasimu yake. Kisha akarudi kwenye kompyuta yake, na makala yakaanza na kopo. Alilieleza lote, waya uliopinda, rangi iliyobabuka, mikono miwili inayolinyanyua polepole mpaka mdomoni. Mzee Kata aliyasoma akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza machoni pangu kalamu nyekundu haikugusa karatasi.

Msitudhanie wazembe. Mwanasheria wa gazeti aliyapitia makala mstari kwa mstari. Umri wa mjomba ukabadilishwa. Kutoka tanurini akahamishiwa ghalani. Watoto wake wawili wakawa mmoja. Na kwa kuwa uso haukupigwa picha, Mzee Kata aliagiza mchoraji achore kopo, akakaa na Nukta mpaka waya ukapinda unavyotakiwa. Nililipanga katikati ya ukurasa. Tulimficha mzee wa watu kama mama anavyowaficha watoto sukari, kijiko tukakiacha mezani.

Makala yalitoka Jumapili, jina la Nukta juu kwa herufi nene. Simu zililia. Watu wasiomsalimia walimsalimia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Nukta hakupewa hata muda wa kulewa sifa. Jumatatu asubuhi mjomba alifika getini, akamkuta mlinzi na ukurasa wetu mkononi, na msimamizi wa zamu pembeni yake.

"Mzee," mlinzi alisema, "fungua mkoba."

Alifungua. Angefanya nini?

Nina hasira mpaka leo. Wote walioyapitia makala yale, mhariri, mwanasheria na mchoraji, hawakuwahi kuliona lile kopo, kwa hiyo kwao lilikuwa pambo zuri. Kule tanurini hakukuwa na mtu asiyelijua. Tulisoma kwa macho ya msomaji wa Jumapili anayekunywa chai yake, hakuna aliyesoma kwa macho ya msimamizi wa zamu. Mkoba wa kazi mimi na Nukta tuliuona kwa macho yetu. Kati yetu hakuna aliyemuuliza mzee kama kopo lile huenda nalo kazini.

Nukta aliingia ofisini kwa mhariri mkuu, akamwomba gazeti limtetee mjomba wake. Alijibiwa kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi. Gazeti halitaji watu wake wa siri. Likisimama kumtetea, litakuwa limethibitisha kwamba ni yeye. Kiwanda nacho kilisema kimempunguza kazini kwa sababu ya afya yake. Kila mtu alikuwa na sababu safi, na mzee akabaki bila dawa.

Hospitali ya umma hawakuwa nayo. Nukta alizunguka maduka ya dawa mpaka viatu vikafunguka soli, na kote aliambiwa iagizwe nje. Mikono ya mjomba ikalegea kwenye vifundo, ikaning'inia. Hata kopo likamshinda, ikawa mkewe anamnywesha kwa kijiko. Siku moja alimwomba Nukta amsomee makala. Yeye alikuwa hajayasikia.

Nukta alisoma. Mjomba alimsimamisha. "Rudia pale pa kopo." Akarudia.

"Umeniandika sawasawa," mzee alisema. "Hata yule mlinzi, na kusoma kwenyewe ni kwa kuungaunga, alinijua."

Alisema kwa kumsifu. Nukta aliponisimulia hakulia, alisugua tu kidole chake cha kushikia kalamu, akasugua, mpaka nikamshika mkono. Wiki hiyo alimrudishia Mzee Kata nafasi ya makala. Mzee hakumbishia. Nukta akarudi kwenye matangazo ya vifo, mkabala nami.

Mjomba alikufa mchana, watu wako kazini. Mkaza mjomba alipanda ngazi zetu akiwa na nguo ya msiba, akaketi kwenye kiti cha wageni. Nukta alikuwa ameshaandaa tangazo. Lilikuwa na saa ya mazishi, mahali, mke na watoto waliobaki. Mama aliishika karatasi karibu na macho, akaisoma yote, akarudi juu.

"Jina lake liko wapi?"

"Mkono umekataa, mama."

Mama alimrudishia karatasi. Sikuona hasira usoni mwake, niliona uchovu tu.

"Lako lilikaa juu," alisema. "La kwake liweke sasa. Hakuna tena wa kumfukuza."

Nukta akaliandika lote, la mjomba, la baba yake na la babu yake, kisha akalisahihisha herufi kwa herufi.