Chupa Nilizoziosha Siku ya Posa ya Yaya Béa

Mpaka leo nikisikia kizibo kikichomoka kwenye chupa, ule mlio mfupi kama wa mtu anayepuliza uji wa moto, naiona nyumba yetu ya Kisangani, karibu na maporomoko ya Tshopo, na mama yangu ameinama juu ya mchanga. Ndiyo, mchanga. Wengine waliweka pombe yao chini ya kitanda. Mama alizisimamisha chupa zake kwenye mchanga mbichi nyuma ya jiko, zimezama hadi shingoni, na ole wake atakayezigusa.

Mama alipika pombe ya ndizi, na fahari yake yote ilikuwa pombe isiyo na ukungu, angavu kama maji. Aliponda ndizi zilizoiva hadi kuwa nyeusi, akakamua maji yake, akatia unga wa mahindi yaliyokaangwa, akaiacha kwenye bidoni, dumu la plastiki, ichachuke siku zake. Ikishatulia hakuimimina. Alitumbukiza mpira mwembamba, akavuta kwa mdomo, akaihamishia taratibu kwenye bidoni nyingine, na ule uji wa chachu uliobaki chini akawapa nguruwe wa jirani, ambao siku hizo walilala mapema sana. Hata hivyo mashapo kidogo yalishuka tena ndani ya chupa. Ndiyo kazi ya mchanga: ubaridi uliyafanya yalale chini, yagandamane. Kisha pombe ilimiminwa kwa mkono mmoja, mara moja, bila kurudisha chupa wima, na kiasi cha kidole kikaachwa humo humo.

Nilipokuwa na miaka tisa, dada yangu mkubwa, yaya Béa, alipata mchumba kutoka Yanonge. Kijana mwenyewe tulimpenda. Shida ilikuwa baba yake mdogo, tonton Alphonse, mchuuzi wa samaki wakavu mwenye tumbo la heshima, ambaye siku ya kujitambulisha alisema mbele ya watu kwamba pombe za nyumbani ni maji ya mto baada ya mvua. Mama alicheka, lakini nilimwona akijifunga upya kitenge kiunoni, na hiyo haikuwa dalili njema.

"Tonton," akamwambia, "siku ya posa utaona kidole yako nyuma ya glasi."

Kwetu siku ya posa mama wa binti hufungua chupa mbele ya wageni, akaonja yeye kwanza, kisha akammiminia mkubwa wao. Mkubwa akinywa, mazungumzo yanaanza. Akiikataa glasi, wageni wanarudi kwenye pirogi, mtumbwi wao. Wiki nzima yaya Béa hakupata usingizi, nami nilijua, maana tulilala kitanda kimoja.

Asubuhi ya siku yenyewe, mama na yaya Béa wakitwanga pondu, majani ya muhogo, mimi nikaenda kuziangalia chupa. Zilikuwa chafu kweli, zimeganda udongo, siafu wanatembea juu yake. Nikaona aibu. Chupa kama hizi mbele ya tonton Alphonse? Nikazing'oa zote kumi na mbili, nikazilaza kwenye beseni la maji ya sabuni, nikazisugua na kuzigeuza huku na huku kama sufuria, nikazipanga mezani. Ziling'aa! Nilijiona mtu mzima.

Wageni walifika, wakakaa, sala ikasemwa. Mama akashika chupa ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na ukungu mtupu. Akatazama ya pili, ya tatu. Kisha akatazama uani, ambako beseni langu lilikuwa bado na povu. Yaya Béa akainamisha kichwa.

"Bon," akasema tonton Alphonse, "mama, ile iko pombe ao iko muto?"

Watu wake wakacheka.

"Ni miye njo niliichafua, tonton," mama akajibu. "Nilikuwa na haraka, niliosha chupa, nikazigeuza. Kosa iko yangu. Mukule kwanza, muniachie wakati kidogo."

Wakala. Papa, yaani baba yetu, ambaye kwa kawaida hasemi, aliwasimulia habari za samaki mmoja hadi nikadhani samaki yule ana ukoo. Mama alikuwa amezisimamisha chupa kwenye ndoo za maji baridi ya chemchemi, akasimama kando yake kama mlinzi. Sahani zilipoondolewa akachagua chupa yenye ukungu kuliko zote, akaonja humo, akamaliza glasi nzima bila kukunja uso. Kisha akachukua iliyotulia kuliko zote, akammiminia tonton kwa mkono mmoja, polepole, akakoma mahali pa kukoma.

Tonton Alphonse akaweka kidole nyuma ya glasi. Tukangoja. Nakumbuka nilikuwa nimeshika gauni la yaya Béa kwa mikono miwili.

"Kidole ninaiona," akasema. "Ukucha bado."

Akanywa yote. "Alors, mama mwenye kusema kosa yake mbele ya watu, mutoto wake atatufaa."

Yaya Béa akaolewa, na hadi leo yuko Yanonge na watoto wanne. Mimi siku ile nilishukuru tu kwamba sikuchapwa. Niliona mama amesema uongo mdogo, uongo usio na gharama.

Sasa napika pombe mwenyewe, na najua jina la mpishi linajengwa kwa miaka mingapi. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hageuzi chupa, na mama alikubali aonekane amezigeuza, yeye, mbele ya wakwe. Habari ilienea mtaa mzima. Wanawake walimwita Mama Muto kwa miaka mingi, na mimi, mtoto mpumbavu, nilicheka pamoja nao. Asante, mama. Nakushukuru kwa ndoa ya dada yangu, na kwa kiboko ambacho hakikuja. Lakini nakushukuru zaidi kwa sababu kila walipokutania ulicheka nao, na hukunitazama hata mara moja, wasije wakajua ni mimi.