Msimamizi na Zulia Lililolowa

Tangu bomba lipasuke, msimamizi wa nyumba huja kila asubuhi kukagua zulia. Hulipapasa juu juu kwa kiganja laini, kama anayembembeleza paka, kisha husema kwa upole, “Limeshakauka, mama.” Nikimwomba tulitoe nje tulianike, huangalia saa. Hajawahi kuinua hata pembe moja, na chini kunanuka uvundo. Mwanangu anatambaa humo humo, kifua kinambana. Leo msimamizi alipiga magoti, akainuka suruali imelowa magotini.

“Na hayo maji?”

“Jasho tu, mama. Chumba chako kina joto.”

Jasho la magoti! Nilimkabidhi mtoto, mtoto akamkoholea shingoni, nami nikaanza kulikunja zulia.

“Mshike vizuri,” nikamwambia, “umsikilize anavyopumua.”