Mawe ya Jangwani na Macho ya Baba

Presha ya macho ilimla baba uoni wa pembeni, akabaki kuona mbele tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Daktari akamwambia aachane na usukani. Baba, aliyeendesha malori ya makontena kutoka bandari ya Kipevu miaka na miaka, aliitika vizuri, akarudi nyumbani Bofu, akasema ana haja moja tu: kule jangwani, ukishapita Marsabit, kuna bonde la mawe. Alipite akiendesha kwa mikono yake mwenyewe, kisha aache. Mama alimwita mwendawazimu. Mimi, binti yake, nikaazima pikapu ya mjomba.

Safari ile naikumbuka kama usingizi wa mchana. Niliendesha mimi mpaka lami ikaisha, miji ikaisha, hata miti ikachoka kuota. Mawe meusi yalitapakaa mbele yetu, na joto likicheza juu yake hata ardhi yote ikawa kama inapumua. Nilihisi nikinena nitaamka.

Tukapunguza upepo wa tairi ili zishike mawe. Baba akashika usukani, akatia gia nzito, nami nikatangulia kwa miguu nimwelekeze.

Shida ilikuwa malezi yangu. Kwetu mzazi haamrishwi.

"Baba, samahani, ningeomba usogee kushoto kidogo, tafadhali..."

Kabla sijamaliza, tairi lilishapanda jiwe la kulia, chini kukagonga kwa kishindo. Akarudi nyuma, nikaomba tena kwa adabu, tukagonga tena. Wallahi, adabu zangu zingetuua. Naye alikaza macho mbele, jasho likimtiririka, akiniamini.

Kisha gari likainamia korongo. Upande ule baba hakuuona kabisa. Mimi niliuona wote, na hofu ikanivua heshima.

"Simama! Kata kushoto! Kushoto, nimesema! Haya, njoo. Polepole!"

"Naam," baba akaitika.

Naam ile, sauti ya mtoto aliyeitwa na mkubwa wake, ilinichoma moyo. Hata hivyo sikunyamaza. Nilimkalipia jiwe baada ya jiwe, naye akaitika kila mara, gari likitambaa mpaka kwenye changarawe ya ng'ambo.

Alizima injini, akashuka, akaipapasa bodi ya gari mpaka mlango wa abiria, akaingia. Nikamkimbilia kumwomba radhi.

"Radhi ya nini, mama? Si nimepita?" Alikuwa anatafuta mkanda wa kiti kwa vidole. "Tangu leo niongoze vivyo hivyo. Usinibembeleze nikaanguka."